Ndege Aitwaye Radhiya

Huko Faza, mji wa kisiwani, kiumbe mwenye mbawa, atagaye mayai na kuchafua nguo zilizoanikwa, huitwa nyuni. Ndege ni jambo jingine. Ndege ni ile ishara inayokukuta mlangoni unapotoka kwenda safari, ikakwambia nenda, au ikakwambia rudi ndani ukalale. Ukikutana na mwanamke aliyejitwika mtungi uliojaa maji, hiyo ni ndege njema, shika njia. Mtungi ukiwa mtupu, rudi. Ukijikwaa mguu wa kuume haidhuru. Ukijikwaa wa kushoto, kaa kitako ujiulize umemkosea nani. Chafya moja huzuia, chafya mbili huruhusu, na mwenye mafua hahesabiwi. Lakini ukitoka alfajiri ukakutana uso kwa uso na chongo, mtu mwenye jicho moja, basi safari yako imekwisha kabla hujafika majini, na hakuna dua fupi ya kuitengeneza.

Radhiya binti Famau alikuwa chongo.

Jicho lake la kuume lilikwenda na ndui alipokuwa na miaka sita, mwaka ambao ndui ilichukua watoto wengine wazimawazima, kwa hiyo mamake alipolitazama lile lililobaki alishukuru. Baadaye alimweka kitako akamweleza sheria. Mchana ni wako, alimwambia, alasiri ni yako, jioni ni yako. Alfajiri si yako. Alfajiri ni ya watu wa vyombo vya majini, na wao hawataki kukuona mpaka warudi. Radhiya alishika sheria hiyo miaka thelathini na miwili bila kuuliza ni nani aliyeigawa siku namna ile, na yeye mwenyewe alikuwa wapi ilipokuwa ikigawiwa.

Tatizo ni kwamba mamake alimrithisha kitu kingine pamoja na sheria hiyo, nacho ni mofa. Mofa ni tanuri la udongo la kuokea mikate ya mtama, na mkate wake ndio chakula cha safari: hauozi upesi, haumwagiki, na baharia akikasirika aweza kumtupia mwenziwe. Nyumba ya Radhiya ilikuwa ya mwisho kwenye njia ya kushukia bandarini. Kila aliyekwenda majini alipita mlangoni pake, na alipita alfajiri, na alipita na njaa. Mji ulikuwa umepanga, bila kukusudia, kwamba mkate mzuri kuliko yote na ndege mbaya kuliko zote vikae chini ya paa moja.

Hivyo pakazuka desturi ambayo mgeni akiiona alidhani ni ibada. Kabla ya jua kutoka, wanaume wazima, wengine wenye ndevu nyeupe, walishuka njia ile wakamalizia hatua za mwisho kinyumenyume, wakaupa mlango mgongo, wakapitisha mkono nyuma. Radhiya alitia mkate mkononi. Mkono ukaondoka. Aliwajua wateja wake wote kwa visogo, na siku moja msibani alimpa pole mtu asiyefiwa, kwa kuwa alikuwa amemwona kwa mbele.

Alipata mume hata hivyo. Marehemu Yunusi alikuwa fundi seremala, hasafiri, kwa hiyo aliweza kumtazama mkewe saa yoyote bila hasara. Alimtazama miaka kumi na minne, akafa kwa homa, kitandani kwake, siku ya Ijumaa. Kifo ambacho hata wataalamu wa ndege hawakuweza kukitia kasoro. Alimwachia binti mmoja, Nana, mwenye macho mawili. Nana alipokua ndiye aliyechukua kapu la mikate kulipeleka bandarini kila alfajiri, na watu wa Faza wakapumzika shingo zao.

Mwaka 1911 Nana aliolewa Siyu, mji wa jirani.

Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, Radhiya aliipanga mikate kapuni, akajitanda kanga yake, akafungua mlango. Tima, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa kizingitini akifagia.

"Shoga, wenda wapi na kapu, na jua halijatoka?"

"Bandarini."

"Na ito lako?"

"Naenda nalo. Siwezi kuliata nyumbani, ndilo nionealo ndia."

Tima alisimamisha ufagio. Ito ni jicho, na kuata ni kuacha, kwa lugha ya visiwa vile, na jicho hilo lilikuwa limekwisha kumpita likishuka njia.

Mtu wa kwanza kukutana nalo alikuwa Nahodha Gharib, mwenye chombo kikubwa kuliko vyote vya Faza, aliyekuwa amepakia maembe ya kupeleka Amu. Nahodha Gharib alikuwa mtu shujaa. Aliwahi kuogelea na papa, kwa kusimulia kwake. Alipomwona Radhiya alisimama, akasema astaghfirullah, akarudi nyumbani kulala.

Siku ya pili Gharib alitoka mapema zaidi ili asimkute. Radhiya naye alitoka mapema zaidi, kwa kuwa alisikia kuwa wateja wameanza kutoka mapema. Siku ya tatu Gharib aliacha njia kabisa, akapita nyuma ya nyumba, kwenye tope, ameshika viatu mkononi. Radhiya, ambaye hakuwa mtu mbaya na hakupenda kumharibia mtu safari, alikuwa ameamua siku hiyo hiyo kumwachia Nahodha njia kubwa, akapita nyuma ya nyumba kwenye tope. Walikutana katikati, wote wawili miguu mitupu. Gharib akageuka, akarudi nyumbani. Maembe yalikaa chomboni siku ya nne, na ya tano, na ya sita mji mzima ulijua yalipo bila kuelekezwa.

Nahodha Gharib alikwenda kwa Mwalimu Badawi. Huyu ndiye aliyekuwa na kitabu cha nyota na ubao wa mchanga, na hakuna chombo kilichotoka Faza bila yeye kutaja siku. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye mwandiko mzuri mno. Alitandaza mchanga, akapiga nukta, akazijumlisha, akafumba macho. Mchanga ulisema kwamba kizuizi ni mwanamke, kwamba akaa karibu na maji, na kwamba ana kasoro usoni. Gharib alistaajabu sana kwa ilimu hii, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amemweleza Mwalimu mambo hayo hayo walipokuwa wakinywa kahawa.

Wazee wenye vyombo, saba kwa idadi, walimpelekea Radhiya ujumbe. Avunje mofa, ahamie nyuma ya mji, kule kwenye mashamba, walikuwa tayari kumjengea nyumba ya makuti.

"Na mikate huko nitamuuzia nani?" Radhiya alimuuliza aliyetumwa, naye ni Nahodha Madi, mdogo wao kuliko wote, aliyesimama amempa kisogo kwa mazoea ingawa ilikuwa adhuhuri. "Kunguru?"

"Mimi nimetumwa tu, Bi Radhiya."

"Waambie mofa ni udongo, haubebwi. Na mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Anayetaka kunitoa na aye, anitoe."

Hakuna aliyekwenda. Kwenda alfajiri kulikuwa muhali, kwa sababu zinazojulikana. Kwenda alasiri kulikuwa aibu, kwa sababu marehemu Famau, baba yake Radhiya, ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya wazee wale, na Mwalimu Badawi mwenyewe alishikwa mkono na Famau akafundishwa kuandika alifu. Jambo ambalo watu wa Faza hawakuweza kulitenda kwa mikono yao likawa halina budi kutendwa na serikali, ambayo haikusomeshwa na Famau. Ikaamuliwa iandikwe barua kwenda Amu, iliko ofisi ya serikali.

Mwalimu Badawi aliiandika kwa hati za Kiarabu, kwa wino mweusi, mistari imenyooka kama safu ya sala. Ilisema hivi:

"Baada ya salamu na dua. Twaarifu serikali kwamba hapa Faza pana ndege mbaya. Jina lake Radhiya. Ana ito moya. Makao yake ni karibu na bandari, na amepazoea tangu zamani. Hutoka alfajiri, na kila nahodha amwonaye hurudi. Tumejaribu kumhamisha, tumeshindwa. Twaomba serikali imwondoe kwa ihsani yake."

Palikuwa na mahali ambapo angeandika "binti Famau". Kalamu ilifika hapo ikasita. Jina la mwalimu wako haliandikwi katika mashitaka. Hiyo ni adabu, na Badawi alikuwa mtu wa adabu. Akaliruka. Kwa adabu hiyo hiyo hakuandika "mwanamke", kwa kuwa mwanamke wa watu hatajwitajwi mbele ya wageni. Barua ilipotiwa muhuri haikuwa na kosa hata moja la hati.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Radhiya aliendelea kushuka bandarini kila alfajiri, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kula, na wenye vyombo wakaendelea kumkwepa. Walianza kupandia vyombo upande wa pili, wakitembea majini mpaka kiunoni, na wakasafiri na tende. Kapu lilirudi na mikate karibu yote. Alikula mwenyewe, akampa Tima, akawapa punda. Mtama ulipobaki wa siku chache, akakaa mbele ya mofa iliyopoa akaitazama. Ilikuwa na ufa upande mmoja, aliokuwa akiuziba kila baada ya mvua, kama mamake alivyokuwa akiuziba. Kutoka Siyu, Nana alituma salamu kwamba kuna chumba. Radhiya aliukunja mkeka wake, akafunga nguo zake katika bulangeti, akaliweka furushi mlangoni, ili serikali ikija isipate raha ya kumngoja.

"Hutaenda," Tima alisema.

"Nikitolewa nitaenda."

"Siyu kuna bandari?"

"Kuna."

"Basi na huko utakuwa ndege."

"Huko watu hawajanizoea. Nitaanza upya kuwatisha."

Yaliyopita Amu yalikuja kujulikana baadaye, kwa kuwa karani mwenyewe aliyasimulia mpaka alipostaafu, kila mwaka akiongeza kidogo. Karani huyo, Abdulkadir, alikuwa mzaliwa wa Unguja. Unguja nyuni huitwa ndege, na ito huitwa jicho. Abdulkadir aliisoma barua mara mbili. Yale maneno mawili, "ito moya", aliyasoma kama neno moja, akadhani itomoya ni kishungi, au labda ugonjwa wa mdomo. Akampelekea mzungu wa serikali, mgeni aliyekuwa akishikilia kazi ya mwenziwe aliye likizo, mtu mkimya ambaye mapenzi yake yote hapa duniani yalikuwa juu ya nyuni. Alikuwa na vitabu vinne vya nyuni na darubini mbili.

"Kila nahodha amwonaye hukimbia?" mzungu aliuliza.

"Ndivyo waandikavyo, bwana."

"Kwa nini?"

Abdulkadir alifikiri. "Labda hudonoa macho, bwana."

Mzungu hakutoka ofisini siku hiyo. Alipekua vitabu vyote vinne mpaka taa ikawashwa.

Jibu lilifika Faza mikononi mwa askari, lina lakiri nyekundu. Wazee walikusanyika barazani kwa Nahodha Gharib baada ya sala ya alasiri, wakampelekea Radhiya habari aje asikie hukumu yake. Alikuja na Tima. Aliketi kwenye mkeka chini ya baraza, akajifunika kanga mpaka kidevuni, mikono yake imetulia mapajani. Alikwisha kusudia kutosema lolote. Angesikia, angeinuka, angechukua furushi.

Mwalimu Badawi alivunja lakiri, akakohoa, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya darsani.

"Kwa wazee wa Faza. Barua yenu imefika na imefahamika. Bwana Mkubwa ametafuta katika vitabu vyake, na hakumkuta ndege radhiya mwenye itomoya."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Soma, Mwalimu," alisema Gharib.

"Kwa hiyo," Mwalimu aliendelea, polepole, "ni ndege adimu, na serikali yamlinda. Asipigwe. Asifukuzwe. Asihamishwe. Kiota chake kisibomolewe, wala asizuiwe kutoka na kuingia saa yoyote, hasa alfajiri, ambayo ndiyo saa yake. Atakayemsumbua atafungwa. Tena mtuandikie mtufahamishe: rangi yake ni ipi, hula nini, na hutaga mayai mangapi kwa mwaka."

Gharib alirudisha kikombe chake kwenye kisahani.

"Soma tena hapo kwenye kuhamishwa," alisema Gharib.

Mwalimu akasoma tena. Hapakuwa pamebadilika.

"Wamefahamu nyuni," Mwalimu akasema mwisho. "Karani ni mtu wa Unguja. Kule nyuni humwita ndege."

"Na ndege huiitaje?"

"Siyui. Pengine hawana."

Radhiya alichelewa kidogo kufahamu. Alikuwa amejiandaa kwa neno moja, nenda, na masikio yake yalikuwa yakiendelea kulitafuta katika barua baada ya barua kwisha. Halafu alihisi kiwiko cha Tima ubavuni, kikali kama mundu, na kila neno likakaa mahali pake. Asifukuzwe. Asizuiwe. Hasa alfajiri.

"Basi karatasi hii haina kazi," alisema Gharib. "Yasema nyuni. Huyu si nyuni, huyu ni Radhiya."

"Nahodha," Radhiya akasema, "mimi si ndege?"

"U ndege. Ndege mbaya, kila mtu ayua."

"Na serikali imesema ndege asihamishwe."

"Ndege wao. Si ndege yetu."

"Kwa hiyo mimi si ndege."

"Sikusema hivyo."

"Kama mimi ni ndege, nina amri ya serikali na lakiri juu yake. Kama mimi si ndege, mulinishitaki kwa nini? Tagueni moya, nami nitaridhika na lolote."

Wazee saba walilitafuta hilo moja la kuchagua. Lilikuwa gumu kushika, kama samaki aliyeparwa magamba. Nahodha mmoja alisema ni ndege, mwingine akasema si ndege, wa tatu akasema ni ndege siku za safari tu. Mwalimu Badawi ndiye aliyepata njia ya kutokea.

"Twaweza kuandika tena," alisema kwa upole. "Tukawaeleza."

"Andika, Mwalimu," Radhiya akasema. "Na kalamu unayo. Andika sasa, mimi nitangoja. Andika: Bwana Mkubwa, hatukutaka nyuni. Twataka mwanamke auzaye mikate. Sisi wanaume saba wenye zombo, na ndevu zetu, twaliogopa ito lake moya, twaomba askari wamfungie ndani mpaka sisi tupite. Na usiliruke jina safari hii. Andika Radhiya binti Famau. Andika kuwa babake ndiye aliyenishika mkono wangu nikaandika alifu."

Mwalimu Badawi alikuwa amekwisha kuitoa kalamu. Aliitazama. Akaifuta wino ambao haukuwapo, akairudisha kalamdanini, akafunga kifuniko.

"Na neno moya zaidi," Radhiya akasema. Alikuwa ameamua kutosema lolote, na sasa aligundua kuwa ana mengi, na yote yalikuwa yamepangwa kama mikate. "Mwaka wa juzi Mwalimu aliwatolea siku, Jumatano, akasema ni njema. Zombo zitatu zilikuwa ziondoke. Ziwili zikaondoka, zikapasukiwa matanga, watu wakarudi wakishika mbao. Cha tatu hakikuondoka, kwa kuwa Nana alikuwa mgonjwa, nahodha wake alikuya kununua mkate mlangoni pangu akasahau kugeuka. Aliniona, akarudi kulala. Nahodha yule ni nani?"

Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Madi.

"Ni mimi," alisema Madi.

"Ulinishukuru?"

"Sikupata nafasi, Bi Radhiya. Nalikimbia."

"Basi mimi sikusoma, nataka nielezwe. Siku iliyowapeleka watu kuzama ni njema. Ito lililomrudisha mtu kwa watoto wake ni ndege mbaya. Mwalimu, katika kitabu imekaaje hiyo?"

Kitabu kilikuwa pale pale, juu ya goti la Mwalimu, kimefungwa kwa uzi. Hakukifungua. Mtu mmoja barazani alianza kucheka, akajifanya anakohoa, na kikohozi kikaambukiza. Hata Gharib alitazama chini akavuta ndevu zake kwa nguvu kuliko ilivyolazimu.

"Na hayo maswali yao?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa na sasa ataka tu mambo yakwishe. "Wataka kuyua mayai."

"Waandikie moya," alisema Radhiya, akiinuka. "Limeolewa Siyu."

Barua aliyoandika Mwalimu Badawi usiku ule ndiyo fupi kuliko zote alizopata kuandika. Ilisema kwamba ndege yupo, yu salama, hula mtama, na hatagi tena. Mzungu alikusudia kuja mwenyewe na darubini zake mbili, lakini mwenye kazi alirudi kutoka likizo, na mgeni akahamishiwa bara. Yasemekana alimwachia mwenziwe maandishi marefu juu ya jambo lile, na mwenziwe akayatia katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Asubuhi yake Radhiya alioka mara mbili ya kawaida. Mtama wote uliobaki aliumaliza. Tima alimwambia ni wazimu, na akamsaidia kupepea moto. Kulipopambazuka alifungua mlango, akatoka na kapu kichwani, akashuka katikati ya njia, si kando, wala hakujifunika uso.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Njia nzima watu walisimama milangoni, nusu wakitaka kuona atakavyopita na nusu wakitaka kuona nani atakayerudi. Chini kabisa, mahali ambapo njia inakwisha na mchanga unaanza, alisimama Nahodha Gharib na watu wake sita, chombo chao kimepakiwa nazi. Alikuwa na nafasi ya kugeuka. Alikuwa pia na mji mzima nyuma yake, na amri ya serikali, na mabaharia sita wanaomtazama wamwone nahodha wao ni mtu wa namna gani. Alibaki hapo hapo.

Walitazamana. Radhiya alikuwa amemuuzia mtu huyu mikate miaka mingi na hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa na kovu dogo juu ya mdomo na macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakuonekana kama kisogo chake. Kisogo chake kilikuwa na kiburi zaidi.

"Asubuhi njema, Nahodha."

"Asubuhi njema, Bi Radhiya. Iko mikate?"

"Iko."

"Nipe kumi na minane."

Aliihesabu mikononi mwake, miwili miwili, mbele, uso kwa uso. Kila mkate uliopita, baharia mmoja nyuma ya Gharib alipumua. Wa kumi na nane ulipokwisha, Gharib alibaki amesimama, amekumbatia mikate kifuani, kama anayengoja kuambiwa jambo.

"Nahodha," Radhiya akasema, "maji yataondoka."

Gharib akapanda chomboni. Waliobaki wakaanza kumfuata, mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha kwa kusukumana, kwa sababu aliyekuwa wa kwanza kumkabili alikuwa ni Gharib, na hakuna aliyetaka kuitwa mwoga kuliko mtu yule wa tope. Kapu likawa tupu kabla jua halijatokeza. Radhiya aliketi mchangani, mikono imechoka, akaona kwa mara ya kwanza maishani mwake jinsi vyombo vinavyoondoka: kelele nyingi, matusi, kamba iliyosahauliwa, mtu anayerudi kuchukua sufuria. Alikuwa akikaa hatua arubaini kutoka hapo tangu kuzaliwa.

Chombo cha Gharib kilifika Amu, kikashusha nazi, kikarudi siku ya nne. Hakukuwa na lolote la kusimulia. Gharib alijaribu, lakini upepo ulikuwa mzuri, bei ilikuwa ya kawaida, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Watu walikaa wiki nzima wakingoja jambo litokee, halikutokea, wakachoka kungoja.

Mwalimu Badawi, ambaye hakuwa mtu wa kuiacha ilimu ikiwa imelala chini, alikaa na kitabu chake siku kadhaa, akaja kutangaza barazani kwamba wazee wa zamani walinukuliwa vibaya. Chongo mwenye ndege mbaya ni wa jicho la kushoto. Aliyepoteza la kuume ni ndege njema, na afadhali ya kumkuta kuliko mtungi wa maji. Watu walipokea maelezo haya kwa heshima, na Radhiya alipoyasikia alimpelekea Mwalimu mikate miwili ya moto, kwa mkono wa Tima, bila ujumbe.

Aliendelea kushuka bandarini kila alfajiri miaka iliyofuata, hata vita vya wazungu vilipoanza na vyombo vikapungua. Kulikuwa na manahodha vijana waliozoea kumgusa bega kabla ya safari ndefu, kwa fali njema, naye akiwafukuza kwa kuwa walimchafulia kanga. Lakini walio wengi hawakumkumbuka kama ndege yoyote. Walisimama mbele ya kapu lake, kila mkono ukichagua, wakimlalamikia kwamba mikate ya siku hizi imekuwa midogo, kwamba huu umeungua upande, kwamba wa mama yake ulikuwa mzito zaidi, kwamba yeye ndiye mwizi mkubwa kuliko wote wa kisiwa kile. Radhiya aliwajibu kila mmoja kwa jina lake, na hakuwapunguzia kitu.